Marufuku ya Salamu

Kosa langu la mwanzo nililiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu na kulibandika kwenye mlango wa friji: HAKUNA KUSIMAMA NJIANI KUSALIMIA WATU.

Mama alikuwa na miaka sitini na sita, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na daktari alikuwa amemwambia apunguze uzito kabla magoti hayajakataa kabisa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano na sikuwa nimesomea lolote linalohusu mwili wa binadamu. Lakini nilikuwa nimetazama video nyingi. Mimi ni mtu wa kujifunza mwenyewe. Ndivyo nilivyojua kutengeneza redio, kujinyoa nywele na kuogopa magonjwa ambayo sina. Ndani ya wiki mbili nilikuwa na ratiba ya miezi sita, jedwali la rangi nne, na mzani nilioujaribu kwanza kwa mfuko wa sukari ili nihakikishe hausemi uongo.

Mama alivaa miwani akalisoma jedwali lote, taratibu, kama anasahihisha mtihani.

"Kiuno, paja, mapigo ya moyo," alisema. "Hayo ni yako. Mimi nataka kuswali chini. Paji la uso liguse mkeka. Basi."

Ulikuwa mwaka wa pili anaswali kwenye kiti cha plastiki. Msikitini alikaa mwisho wa safu na bibi wawili waliomzidi umri kwa miaka mingi. Magoti yenyewe hakuyalalamikia. Aliogopa kufa bila kusujudu tena, na aliniambia hivyo waziwazi, mara moja tu. Nikaliandika jambo hilo kwenye jedwali, chini kabisa, penye "malengo mengineyo."

Tulianza asubuhi ya Jumatatu, kwenye njia ya kuelekea Kwihara. Mama alitembea. Mimi nilimfuata kwa baiskeli, kwa sababu niliamini mtu hawezi kutembea na kusoma saa kwa usahihi kwa wakati mmoja. Niliamini hivyo kabisa, sikuwa natania.

Tatizo ni kwamba nusu ya mji huu ilifundishwa kusoma na Mama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo, Mwalimu."

"Mama yako mguu unaendeleaje?"

"Afadhali kidogo, Mwalimu."

"Na yule mdogo wako aliyekwenda Nzega?"

Wakati huo simu yangu ilikuwa inahesabu dakika, na mapigo ya moyo wa Mama yalikuwa yanashuka na kurudi kule yalikokuwa alipoamka. Asubuhi ile alisalimiana na watu kumi na wanne kabla hatujafika hata penye mashine ya kusaga. Niliporudi nyumbani nikachukua kalamu nyekundu.

Mama aliitii ile karatasi. Amefundisha miaka thelathini na kitu, kwake tangazo lililobandikwa ni tangazo. Watu walipomwamkia aliitikia "marahaba" moja ya haraka, akainua mkono na kupita bila kugeuka. Kasi ikapanda. Nikafurahi sana, nikapaka kijani kwenye jedwali.

Aliyepinga hadharani alikuwa fundi baiskeli wa pale njia panda, Mzaramo aliyehamia kwetu zamani, kwa hiyo mtani wetu, mwenye haki ya kusema lolote.

"Nyie Wanyamwezi mna maajabu!" alipiga kelele siku ya tatu. "Babu zenu walibeba pembe kwa miguu mpaka kwetu pwani. Leo mpagazi ni mama yako mzazi, na wewe ndiye tajiri juu ya punda?"

"Ni mazoezi!" nilimjibu.

"Ya nani?"

Nilikanyaga pedali.

Wiki ya pili walikuja wanawake wawili nyumbani, watu wazima wenye watoto wakubwa, wote wanafunzi wa Mama wa zamani. Walikaa kwenye ncha ya kochi.

"Shikamoo, Mwalimu. Tumekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini?" Mama aliuliza.

Wakatazamana. "Hatujui, Mwalimu. Ndiyo tumekuja kuuliza. Unatupita tu siku hizi. Na wenzetu wa mtaa wa pili nao wanauliza."

"Wengine wanasema unaumwa," mwenzake aliongeza, "maana na mwili umepungua."

Mama alininyooshea kidole. "Muulizeni kocha."

Niliwaeleza habari za mapigo ya moyo. Walinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa mwenye homa.

Tangu siku hiyo Mama alianza kutoweka kila baada ya swala ya alasiri. Akirudi jioni ananukia chai ya tangawizi. Nilijua anakula. Akilini niliona wazi kabisa michembe ya viazi vitamu, karanga, asali, chapati zinazong'aa kwa mafuta, kila nyumba na sahani yake, na kazi yangu yote inaharibika. La ajabu ni kwamba mzani ulikuwa unashuka. Nikaujaribu upya kwa mfuko wa sukari. Ulikuwa sahihi, jambo lililoniudhi zaidi.

Alhamisi moja nikamfuata, kwa miguu, nikiwa nyuma sana. Alitoka mtaani kwetu Isevya akapita mtaa wa Ng'ambo, akaingia nyumba moja, akatoka, akaingia nyingine. Hatua zake peke yake zilizidi ratiba yangu ya asubuhi. Nyumba ya tano ilikuwa ya mwalimu mwenzake wa zamani, mjane. Mlango ulikuwa wazi, nikachungulia.

Palikuwa na mkeka sakafuni, na mwenyeji na majirani watatu wameketi. Kiti hakikuwepo. Mama aliweka mkono ukutani, akashusha goti la kulia, akapumua, akashusha la kushoto, akakaa.

Nilisahau kwamba nimejificha. "Mama! Magoti!"

Wote wakageuka. "Huyu ndiye kocha?" mwenyeji aliuliza. "Ingia, baba, ukae."

Nikakaa. "Hii ni nyumba ya ngapi leo?" nilimuuliza Mama.

"Ya tano. Nazunguka kuwasalimia uliowanyima salamu. Nikifika natandikiwa mkeka, nakaa, nakunywa chai isiyo na sukari, nainuka. Siku ya kwanza waliniinua watu wawili. Juzi mmoja."

Kwenye jedwali langu kulikuwa na zoezi la kuchuchumaa na kusimama, mara kumi, ambalo alilikataa siku ya kwanza kwa kusema hachuchumai uani kama mtu aliyekosa choo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniwekea saa."

Aliaga. Nikanyanyuka haraka nimshike kwapa, lakini mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, nikaangukia ukuta. Majirani walicheka mpaka mmoja akafuta machozi kwa khanga.

"Kocha, akushike nani?" mwenyeji aliuliza.

Mama hakucheka. Alikuwa na kazi. Alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili sakafuni, akainamisha kichwa, na kwa muda mfupi paji lake la uso lilikuwa upana wa kiganja kimoja tu kutoka kwenye mkeka. Nadhani na yeye aliliona hilo, maana alibaki pale zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akajisukuma, goti moja, mguu mmoja, akasimama. Hakuna aliyemgusa.

Nyumbani niliitoa ile karatasi kwenye friji. Jedwali nililiacha wiki moja zaidi, kwa aibu ya kazi niliyoifanya, kisha nikalichana nalo. Asubuhi sasa tunatembea wote wawili, polepole mno kwa kipimo chochote cha kitaalamu, na mimi nimejua habari za mguu wa mama wa kila mtu.

Uzito wake wa leo siujui. Tangu mwezi wa Rajabu Mama anaswali chini, rakaa zote, na anainuka mwenyewe.