Kibarua wa Kwenye Sukuma

Kila masika, jirani wa kina Lornah pale mtaani Nyalenda hunyunyizia sukuma wiki zake jivu kwa ncha za vidole, kama anayetia samaki chumvi. Mstari mmoja huuacha utoe maua kwa ajili ya nyuki, hata akichekwa. Asubuhi moja wanawake waliokuwa wakichota maji bombani wakapiga mayowe: kinyonga kwenye sukuma! Mmoja akainua jiwe.

“Mama, toka hapo, ana sumu!”

Lornah, aliyekuwa nao bombani, roho juu. Jirani akanyoosha mkono wenye matope, kinyonga akaupanda polepole.

“Huyu kibarua wangu. Ukimuua, utakuja wewe kunishikia panzi?”

Papo hapo ulimi ukachomoka, panzi akatoweka.

“Yawa!” Lornah akaruka.

Mwenye jiwe akaliangusha, akasogea kidogo.

“Mama, huyo kibarua... hana ndugu?”