Shangazi Ameoa Wake Watatu, Lakini Harusi Sijaiona

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huku kwetu tunajuana hadi kwa kikohozi.

Nina miaka 23, mama wa mtoto mmoja, niliishia darasa la saba. Naishi Nyakunguru. Mume wangu anaendesha karasha ya shangazi yake, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mimi nilikuwa naponda mawe pale pale na wanawake wenzangu, mtoto mgongoni, tunalipwa kwa ndoo. Kazi ngumu ila mtoto alikunywa maziwa, na nilishaanza kuwaza kununua cherehani.

Shangazi ni mjane, amezaa mabinti tu. Kwetu Wakurya mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke ili apate wajukuu wa kubeba jina la nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Kwa hiyo mwaka jana alipoleta msichana kutoka upande wa Kenya akasema ameoa, tulipiga vigelegele. Baada ya miezi miwili akaleta wa pili. Juzi juzi wa tatu. Hapo nikaanza kujiuliza.

Ndugu zangu, sherehe zote za ukoo huu mimi ndiye mpishi, na kwa hawa watatu sijaitwa hata kumenya viazi. Ng'ombe wa mahari sijawaona wakitoka zizini. Wazazi wa hao mabinti hawajawahi kuja kusalimia, na mpakani Sirari si mbali. Halafu hao wake hawalali nyumba kubwa, wanalala stoo ya viroba nyuma ya karasha, na wanaponda mawe asubuhi mpaka giza. Ndoo hawalipwi. Shangazi anasema mke halipwi, anakula.

Sisi wengine tukaambiwa kazi imeisha. Tukaenda karasha ya jirani, tajiri wa pale akacheka, akasema na yeye itabidi aoe, la sivyo shangazi atamshinda. Akashusha bei ya ndoo. Tukakubali, tungefanyaje? Hata mama muuza uji amehama, maana wake wa shangazi hawana hela ya kikombe na sisi tumebaki kunusa tu.

Nikamuuliza mume wangu, akasema mambo ya wakubwa niyaache. Lakini yule wa tatu ni yeye aliyemleta kwa pikipiki yetu. Siku hiyo aliniaga kwamba anafuata mkanda wa mashine. Mkanda sijauona mpaka leo.

Juzi nikakutana bombani na yule wa pili. Nikamtania kwa Kikurya, bwana harusi hajambo? Hakucheka. Akaangalia nyuma kwanza.

"Dada, mimi sijaolewa na mtu. Niliambiwa ni kazi, mshahara mwisho wa mwezi. Nikiuliza, naambiwa sina makaratasi, nitashikwa."

Nilitamani kumkumbatia. Halafu nikaogopa, nikawaza labda ametumwa kunipima, kwa sababu jioni ile ile shangazi akaniita. Nikamwamkia shikamoo, akanikalisha karibu, jambo ambalo hajawahi kufanya.

"Mwanangu, Jumatatu watu wa uhamiaji wanakuja na mwenyekiti wa kijiji. Wewe utasema ulipika kwenye harusi zangu. Watu wanakuamini."

Akaongeza kwa upole kwamba yeye anazeeka, na karasha atamwachia nani kama si mume wangu? Akamshika mtoto wangu shavu. Mpaka sasa sijui ile ilikuwa ahadi au onyo.

Nikisema nilipika, wale mabinti watabaki stoo na wenzangu hawatarudi kwenye kazi yao ya mwanzo. Nikisema ukweli, mume wangu aliyembeba mmoja wao anaweza kushikwa, na mabinti ndio watakaopandishwa gari wa kwanza, mikono mitupu, shangazi akabaki na mashine yake. Nimemwambia mume wangu twende wote kwa mwenyekiti kabla ya Jumatatu, tuombe mabinti walipwe kwanza jasho lao. Akanijibu bila kunitazama, "Sema tu ulipika. Si ni chakula?"

Bado nampenda, na naamini moyo wake haujaharibika. Ila Jumatatu nitasimama mbele ya watu, na yule binti wa bombani atakuwa ananiangalia mdomo. Mama zangu na dada zangu, ingekuwa ni wewe ungejibu nini? Nisaidieni mawazo, matusi wekeni pembeni, nina siku nne tu.