Isale Lililokataliwa

Mdogo wangu wa kiume alijifunza kuimba kantri huku akikata majani ya ng'ombe. Redio aliining'iniza kwenye mgomba, na Jumapili tukishatoka kanisani walikuwa wanapiga nyimbo hizo za Wamarekani. Maneno hakuyaelewa. Alichukua ile sauti ya kuburuza, akaitia ng'ombe wetu, mvua yetu na matope ya Machame.

Yeye ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye hubaki nyumbani na wazazi. Alipoanza kuteremka Moshi mjini kuimba kwenye baa za nyama choma, kofia pana kichwani, baba alimwambia mbele yetu, "Unaimba ng'ombe. Ng'ombe wenyewe umemwachia nani?"

Aliondoka siku hiyo hiyo. Kutoka baa alikwenda kwenye harusi, kutoka harusi akafika redioni. Siku moja nilimsikia kwenye duka la dawa, muuzaji akimfuatisha neno kwa neno. Nyumbani baba hakumtaja.

Kisha akaja kuomba radhi. Alileta isale, lile jani refu tunalopanda mipakani mwa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Kwetu ukiletewa isale unasamehe, hata kama mtu amekuchomea nyumba. Sikuwahi kusikia limekataliwa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, nilikuwa nimeshaimimina kibuyuni.

Alipiga magoti uani. "Shikamoo baba. Nimekosa."

Baba alinyoosha mkono. Hapo akamwona mwanamume nyuma ya migomba, ameshika kamera.

"Yule ni nani?"

"Wa video, baba. Ya wimbo mpya. Ni wimbo wa msamaha."

"Hili jani umeniletea mimi, au umewaletea watakaotazama?"

"Wewe, baba. Yule ni kazi tu."

"Basi wakusamehe wao."

Akarudisha mkono, akaingia zizini. Mama alijiziba mdomo. Mimi nilibaki na kibuyu mkononi, sijui nikiweke wapi.

Mdogo wangu alimfukuza mtu wa kamera, akasema atarudi peke yake. Kabla hajarudi, baba alianguka zizini, akafa.

Siku ya mazishi mdogo wangu alikuja na isale jingine, akampelekea baba mkubwa. Baba mkubwa alilitazama, hakuligusa.

"Mwanangu, aliyekataa ni yeye. Mimi sina mdomo wake."

Waliokuja kumwona msanii walishusha simu zao. Nilisubiri baba mkubwa abadilishe neno. Hakubadilisha. Nimezika watu wengi, lakini siku ile ndiyo iliyonipiga ganzi, na ganzi hiyo haijaniisha.

Nyumba ya baba ni ya mdogo wangu kimila. Hajaingia. Akipanda kutoka mjini analala kwangu, ng'ambo ya mto. Asubuhi anakwenda kukata majani, anawalisha ng'ombe. Mama anamtolea chai, naye anainywa amesimama nje.