Kisima cha Mama Mkwe

Mke wangu alirudi kwao, upande wa Serengeti karibu na chemchemi ya maji moto, kwa sababu moja tu: mimi sijui kusema "nimekosea." Nikamfuata. Mama mkwe alinijibu akiwa nyuma ya nyumba, maana kwetu mtu haonani na mama mkwe wake uso kwa uso. Akataka nimchimbie kisima kwanza, ndipo tuongee habari za binti yake.

Nikacheka moyoni. Mimi mchimbaji wa dhahabu wa Nyangoto, maji yanishinde?

Mjomba wa mke wangu akanionya. "Mura, kijana wangu, hapo kwenye ufa wa mwamba usichimbe. Maji ya mvua yanazama kwenye nyufa mpaka chini kabisa, yanakuta joto la ardhi, halafu yanapanda kwa nyufa hizo hizo. Nenda kule kwenye udongo."

Nikamwambia mimi miaka yote nimekula kwa kufuata ufa. Basi nikaufuata siku tisa, mke wangu akivuta ndoo za kifusi bila kunisemesha. Jasho lilinitoka ajabu, nikalilaumu jua. Jua gani, na mtu yuko shimoni!

Siku ya kumi sururu ikatoboa. Maji yakaja, nikapiga kelele za ushindi, halafu nikapiga kelele nyingine. Lo! Moto kama maji ya kumkandia mzazi. Yakanifika magotini, nikadaka kamba nitoke.

"Usitoke!" mke wangu akasema. "Mama amesimama hapa mdomoni mwa shimo."

Nikaganda. Kaptula yangu ilikuwa imechanika nyuma. Bora nichemke.

"Mwambie aondoke!"

"Anauliza, maji ni ya baridi?"

"Ni... ya uvuguvugu."

"Na mjomba alisemaje?"

Maji yakafika mapajani. Nilimkasirikia mjomba kwa kusema kweli. Lakini zaidi niliogopa kurudi Nyangoto peke yangu, kwenye nyumba isiyo na hata mtu wa kubishana naye.

"Nimekosea!" nikapayuka.

Kisha nikasikia mke wangu akicheka, kicheko nilichokikosa tangu masika.

"Mama ameshaondoka," akasema. "Lakini hiyo umeyaambia maji. Sasa niambie mimi."

Nikamwambia, polepole, kwa jina lake. Ndipo kamba ikavutwa kutoka juu.