Mikono ya Kushikia Uzi

Tangu wahamie kijiji kipya cha kando ya reli, si mbali na Munisagara, Perpetua hakuwa akisema na mumewe. Alisema na kuku. Chakula kikiiva alisimama mlangoni akawaambia, "Haya, mwambieni mwenye nyumba ugali unapoa." Cleopa alisikia, akanawa, akala, kisha akamshukuru Mungu kwa sauti ya kutosha kufika jikoni. Ndivyo walivyoishi, watu wazima wenye mvi zao.

Kosa lilikuwa la Cleopa, na Perpetua hakuwa na haja ya kulikumbuka kwa sababu hakuwahi kulisahau. Kule milimani, upande wa Lumuma, ulipofika mwaka wa amri ya kuhamia vijijini, Cleopa alikuwa balozi wa nyumba kumi. Wenzake walisitasita, wengine wakajifanya wagonjwa. Yeye alipanda juu ya paa lake mwenyewe alfajiri ya siku ya lori la kuwahamisha, akaanza kuezua nyasi. Perpetua alisimama chini akamwomba siku moja tu. Nyuma ya nyumba lilikuwa kaburi la Timotheo, mtoto wao wa kwanza, aliyekufa kwa kichomi kabla hajaota meno, na kaburi lile lilikuwa bado halijazungushiwa mawe. Kwao kaburi haliachwi hivyo. Mvua zikipita tuta linashuka, na mwenye jembe analima juu yake bila kujua. Cleopa alijibu huko huko juu ya paa, "Lori halingoji mawe."

Neno hilo lilimkaa Perpetua kooni. Siku zote alikuwa akimwita mumewe Baba Timotheo, hata baada ya mtoto kufa, hata Sesilia alipozaliwa na watu wote wakageuka kumwita Baba Sesilia. Siku ile ya lori aliliacha jina hilo, na hakumpa jingine.

Na maisha ya kijijini hayakumpa mtu nafasi ya kupoa. Asubuhi shamba la kijiji, mchana shamba lako, jioni mkutano, na katikati ya yote hayo maji ya kuchota mbali. Perpetua alikuwa amechoka. Uchovu wake aliamka nao, akaenda nao shambani, akarudi nao. Alipofika nyumbani hakuwa na nguvu hata ya kukasirika vizuri. Alikasirika kwa mazoea.

Kipupwe kilipoanza, dereva wa gari la hospitali ya Berega alifika stesheni kuchukua mizigo, akaleta habari kwamba binti yao Sesilia amejifungua huko huko Berega. Mtoto ni wa kiume, mzima, ila mdogo sana, na kule juu baridi imekaza. "Mama, kama una chochote cha kumfunika, niwekee," alisema. "Jumamosi napita tena, halafu sijui lini."

Perpetua alishukuru, akamtilia maji ya kunywa, akamwaga nusu chini. Mtoto mdogo, na baridi. Alikwishaliona jambo hilo mara moja maishani, na mwisho wake ulikuwa nyuma ya nyumba.

Kufuma alijua. Alifundishwa kwenye shule ya misheni akiwa msichana, na sindano zake mbili zilikuwa zimehama naye ndani ya Biblia. Kilichokosekana ni uzi. Duka la ushirika wakati huo likipata sabuni watu hupigana vikumbo. Nani angeuliza sufu? Ndani ya sanduku lilikuwamo sweta la Cleopa, lile alilomfumia wakati wa uchumba, limekwisha viwiko. Perpetua alilitazama kidogo, akatafuta mshono wa bega, akaanza kulifumua bila kumwuliza mtu. Aliuosha uzi, akaufunga shada kama kitanzi kirefu, akautundika juani na jiwe chini yake ili ujinyooshe, maana uzi uliofumuliwa una kiburi, hujikunja kama ulivyozoea.

Ilibaki kuuviringisha uwe donge. Donge lenyewe huwekwa ndani ya kibuyu kilichokatwa mdomo, uzi ukatokea juu, na hapo unafuma bila uzi kubiringika vumbini wala kujifunga. Lakini shada haligeuki donge kwa mtu mmoja. Lazima mwingine akae mbele yako, akunyooshee mikono miwili, ashikilie kimya kama mama wa ubatizo anayengoja kupewa mtoto. Kwa miaka yote ya ndoa mikono hiyo ilikuwa ya Cleopa.

Perpetua alimwita jirani yake, Joha, mjukuu wa kibarua wa reli, mwanamke mwema kuliko wote kijijini na msemaji kuliko wote.

"Dada, mimi nitashika tu, kwani kazi?" alisema Joha, akanyoosha mikono.

Kazi ilikuwa kwamba Joha hakuweza kusema bila mikono. Alianza kueleza jinsi mashine ya kusaga ilivyoharibika na jinsi karani alivyotimka, na karani alipotimka mkono wa kulia ulitimka naye. Wakati mashine ya hadithi inanyamaza, shada lilikuwa limekwisha kuwa kiota.

"Haki ya Mungu, dada, sikukusudia!"

"Najua, mama. Nenda ukapike."

Ilikuwa Alhamisi, jua linashuka. Perpetua aliketi kwenye mkeka na kiota kile mapajani. Sheria aliijua: usivute. Ukivuta, fundo linakaza. Unalegeza, unapanua, unafuata uzi unakotoka. Alilegeza, akapanua, na kila alipofungua hapa pakafungana pale. Mgongo ulimuuma. Macho yalimwasha. Akavuta. Fundo likakaza, akavuta tena kwa hasira, kisha akachukua wembe. Alijua vizuri kwamba akikata atabaki na vipande, na vipande havitoshi hata kofia. Alianza kulia, kilio kisicho na sauti cha mtu aliyechoka.

Cleopa alirudi kutoka mkutanoni akamkuta hivyo. Alisimama kidogo. Kisha aliweka jembe ukutani, akaketi mbele yake, akautoa wembe mkononi mwake, akaanza kulegeza. Yeye alishika upande huu, mkewe upande ule, na fundo baada ya fundo kiota kikaachia. Ndipo akanyoosha mikono yake miwili, viganja juu, na Perpetua akaivika shada.

Uzi ulizunguka. Cleopa aliutazama.

"Hili si lile sweta langu?"

Kuku walikuwa karibu, lakini Perpetua hakuwageukia. "Ndilo. La mtoto wa Sesilia. Mdogo kama yule."

Cleopa aliyumbisha mikono kuufuata uzi mpaka donge likawa la ukubwa wa limau. "Siku ile ya paa," alisema, "nilikuwa nimesikia ng'ambo ya bonde watu wanaezuliwa nyumba kwa nguvu, vyombo vinatupwa nje. Nikasema niezue mwenyewe, usije ukaona mtu mwingine akilibomoa paa lako. Yale mawe... niliogopa, mama. Ningeshuka nikaanza kuyabeba, nisingeondoka tena."

Perpetua aliendelea kuviringisha, machozi yakimtoka bila kuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

"Tukipanda kumwona mjukuu, tupitie pale," alisema Cleopa kwa sauti nzito. "Tuyapange."

Uzi ulipokwisha, mikono ya Cleopa ilikuwa bado imenyooka hewani. Mwenyewe alikuwa amesinzia, kichwa kimemwangukia kifuani, udongo wa shamba la kijiji umemkaukia mpaka kwenye viwiko. Perpetua aliliweka donge ndani ya kibuyu. Alienda jikoni, akapakua, akarudi, akamgusa bega taratibu.

"Baba Timotheo," alisema. "Amka, chakula kinapoa."