Kitambaa cha Redio ya Bi Kazija

Watu wa Mitwero wakome: fundi redio hafuati chai kwa Bi Kazija, mjane wa mwalimu mkuu. Hufuata redio, ambayo huzimika kila wiki. Huinusa mgongoni kama mnunuzi wa papa mkavu, huigonga kwa ukucha, kisha hufumba macho na kuitegea sikio. Juzi hakugusa hata bisibisi. Aliinua kwa ncha za vidole kitambaa kizito alichokifuma Bi Kazija, akanong'ona kama yuko kwa mgonjwa: "Umeivisha baibui tena, Bi Kazija! Imezimia kwa joto." Akaipepea kwa kofia yake mpaka ikaanza kusoma habari za vijiji vya ujamaa. Alipotoka tu, Bi Kazija akaifunika.

"Si amekukataza?" akauliza jirani yake Sada, mlangoni.

"Redio ya marehemu haikai uchi. Na zaidi ya hapo, Sada, sisemi."