Kozi Niliyoombewa Kanisani

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa Kyuso. Kemia ilinishinda nikiwa kidato cha pili. Sasa niulizeni kwa nini nilichagua kwenda kusomea kozi ya kufundisha Kemia.

Mwalimu Ndinda, aliyefundisha Kemia shuleni kwetu, alihamishiwa Kikima muhula uliopita. Mpaka leo nakasirika mtu akikalia kiti chake ofisini. Niliposikia ataanza kozi hiyo, nikajiona nimeketi kando yake kila Jumamosi, sielewi chochote, nimeridhika kabisa.

Kanisani kwetu anayeenda masomoni husimama mbele aombewe. Jumapili nikasimama, nikatangaza kwamba Mungu amenielekeza kwenye Kemia, nikafumba macho.

Badala ya maombi nikasikia sauti ya mama yangu.

"Mchungaji, ngoja kwanza. Huyu, Mungu hajamwelekeza popote. Hiyo ni kozi ya Ndinda, yule mwalimu aliyeenda Kikima!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Nilipofumbua macho, Ndinda alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kusalimia wanakwaya wenzake wa zamani. Yeye peke yake hakuwa akicheka.